Mkuu wa Mifugo wa Visiwa Visivyo na Ng'ombe

Songambele, Kyerwa
11 Februari 2024

Mwanangu Muhwezi,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku wazima. Mama yako Edvina mzima, ni goti tu linamsumbua, lakini hasemi, unamjua. Mama yako hata nyumba ikishika moto atangoja aulizwe. Baba yako mkubwa Twesigye anakusalimu. Jua limekuwa kali, nyasi zimebaki vijiti, ila ng'ombe wamesimama, tunamshukuru Mungu.

Nakuandikia kwa kuwa simu yako siielewi. Siku ile ulipopiga zilikuja kelele za upepo, kuku na watu wanacheka, na kabla sijauliza la maana ukakata. Barua haikati.

Sasa sikia. Ulituambia serikali imekufanya mkuu wa mifugo wa visiwa vyote vya Rukindo. Nimelitangaza usharikani, na mchungaji amelirudia kwenye matangazo. Lakini kila mtu ananiuliza ng'ombe wa huko ni wa namna gani, wana pembe ndefu au fupi, nami nabaki kukohoa. Mbona hujaniandikia?

La pili ndilo kubwa. Tangu baba yako alale, mimi dada yake ndiye ninayeshika ng'ombe wa ndoa yako. Wapo, wamenenepa, hawatoki zizini bila neno langu. Nimezungumza na Tumwine wa Kihanga, yule mwenye ng'ombe wanaofunga barabara. Binti yake Ainembabazi amelelewa vizuri na anajua kusafisha ekyanzi, chombo chetu cha maziwa, mpaka kinanukia moshi. Nipe jibu lako, na liwe ndiyo.

Na jihadhari na samaki. Najua umezungukwa nao. Lakini unajua sheria ya boma hili: aliyekula samaki hashiki chombo cha maziwa, ng'ombe wasije wakakauka. Usinitie aibu.

Shangazi yako,
Kokubanza


Kisiwa cha Rukindo
9 Machi 2024

Shangazi yangu Kokubanza,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yangu, na umwambie akande goti kwa maji ya moto hata kama hajasema linauma. Baba mkubwa naye shikamoo. Mimi mzima. Barua yako imefika leo, imelowa pembeni, lakini maneno yote yapo, hasa yale makali.

Simu huku inashika juu ya mwamba mmoja tu, tunauita Jiwe la Haloo. Ukipanda pale na kusema haloo, watu wote wa kisiwa wanakaa chini kusikiliza, maana burudani nyingine hakuna. Waliokuwa wanacheka siku ile ni wao.

Umeniuliza habari za huku. Visiwa vyenyewe ni vitano. Rukindo ndicho kikubwa, unakimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Kina zahanati, shule yenye mwalimu mmoja, kanisa la mabati, na watu ambao hawahesabiki: mwezi ukiwa gizani wavuvi wanajaa, mwezi ukiwaka wanaondoka kwenda kupumzika makwao. Wale wa sensa walikuja mwezi unawaka, kwa hiyo kwa mujibu wa serikali tunaishi huku watu wachache na mbuzi wa katekista. Kashaka ni cha ndege, cheupe chote kwa mavi yao, upande wa nyuma kina nyasi kidogo. Cha tatu anaishi Mzee Jovitus peke yake. Alijichagua mwenyekiti, na anasema uchaguzi ulikuwa huru na wa haki ingawa upinzani ulisumbua kidogo. Cha nne ni mawe. Cha tano huwa kinazama ziwa likijaa, lakini wilayani bado wanakitengea bajeti ya barabara.

Kuhusu mifugo, shangazi, kazi inakwenda vizuri sana. Tangu nifike sijapoteza hata ng'ombe mmoja. Ugonjwa wa ndigana kali haujaripotiwa, kupe hawapo, wizi wa mifugo hakuna. Wilayani wamenipa barua ya pongezi, nimeibandika ukutani.

Kuhusu Ainembabazi, nashukuru kwa kunifikiria. Kuna jirani yangu hapa, Adelgunda, anaanika dagaa, yeye anasema jambo la ndoa halitaki haraka. Adelgunda ni mtu wa akili sana. Juzi upepo uliezua bati langu na Adelgunda ndiye aliyepanda kulipigilia, mimi nikashika ngazi.

Mtoto wako,
Muhwezi


Songambele
14 Aprili 2024

Mwanangu Muhwezi,

Asifiwe Bwana. Mvua imeshuka, nyasi zimeota, maziwa yamerudi. Mama yako amekanda goti. Kakubali bila kusema neno, kama kawaida.

Barua yako nimemsomea Twesigye na wazee wote. Hakuna ndigana! Hakuna kupe! Wazee wametikisa vichwa, wengine wameomba kuhamia huko. Tumwine mwenyewe alisafiri kutoka Kihanga kuja kuisikia kwa masikio yake, akasema kijana asiyepoteza hata ng'ombe mmoja ndiye mkwe anayemtaka. Unaona sasa?

Nimewaza nikaona ni fedheha mkuu wa mifugo kulinda ng'ombe wa watu bila kuwa na ng'ombe wake mwenyewe. Kwa hiyo nakuletea Bihogo, yule mtamba mwekundu uliyempenda tangu akiwa ndama. Twesigye atampeleka kwa lori hadi mwaloni na kumkabidhi kwa watu wa boti. Vibali vyote vimeshapigwa mihuri. Mwanzishie zizi.

Halafu huyo Adelgunda ni nani? Umemwingiza kwenye barua mpaka nikadhani ndiye afisa mifugo. Baba yake ana ng'ombe wangapi? Na kwa nini mwanamke apande juu ya bati wakati wewe mwanamume umeshika ngazi?

Ya Ainembabazi hujajibu. Nimeona.

Shangazi,
Kokubanza


Rukindo
2 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo, na wote shikamoo. Naandika mbiombio, boti inawasha injini.

Tafadhali usimlete Bihogo. Boti ni ndogo. Ziwa lina mawimbi. Bihogo hajazoea. Pia hali ya hewa, na utaratibu wa wilaya, na kuna mambo mengine nitakueleza. Nakuomba sana, shangazi, kwa jina la Mungu, usimlete.

Muhwezi


Rukindo
20 Mei 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini goti la mama limepona na baba mkubwa Twesigye amepumzika baada ya safari.

Barua yangu ya tarehe 2 na Bihogo walipishana mwaloni. Mwenye boti ananiambia barua ilikuwa mfukoni mwake wakati anamfunga Bihogo kamba. Bihogo amefika.

Alisimama katikati ya boti ameinua kichwa kama anayekwenda kupokea zawadi. Watoto waliozaliwa huku walikimbilia kanisani. Ng'ombe wanamjua vipande tu, tena vya Krismasi. Walipoona haumi wakarudi wakapanga foleni kumgusa. Siku ya kwanza akala paa la nyasi la jiko la zahanati, ya pili akala bustani ya mwalimu. Baada ya hapo kisiwa kikaisha.

Basi niseme, maana hata ukinikasirikia ni heri unikasirikie kwa ukweli. Huku hakuna ng'ombe, shangazi. Hajawahi kuwepo. Kazi niliyopewa ni ya kweli, mshahara ni wa kweli, pongezi ni za kweli, ila mifugo haipo. Nilipofika niliandika wilayani kwamba hakuna ng'ombe. Wakanijibu niendelee na moyo huohuo.

Sasa mambo yameharibika. Kwenye ripoti ya robo mwaka nimeandika ng'ombe mmoja, na wilayani wamepigwa na butwaa. Bosi alinipigia nikiwa juu ya Jiwe la Haloo, akaniambia wameshindwa kukokotoa asilimia ya ongezeko kwa kuwa tulianzia sifuri, lakini ni kubwa mno, na mkutanoni tumetajwa kuwa kata ya mfano. Wanajenga josho la kuogeshea ng'ombe. Bango lenye jina la mradi limeshaletwa na kusimikwa, Bihogo anajikunia ubavu hapo.

Anayemlisha ni Adelgunda. Kila asubuhi anapiga kasia mpaka Kashaka, anakata nyasi nyuma ya ndege, anarudi na mtumbwi umejaa majani huku yeye amejaa mavi ya ndege, na hajanung'unika. Bihogo akisikia kasia lake anaita. Mimi nikimwita hageuki.

Shangazi, Ainembabazi sitamwoa. Namtaka Adelgunda, naye ananitaka, na bila wewe kusimama kama shangazi siwezi kumposa kwa heshima. Baba yake anaitwa Kahigi, ni mvuvi, hana hata mkia wa ng'ombe. Na samaki nakula. Huku usipokula samaki unakula mawe. Nilivumilia wiki mbili kwa uji, nikajikuta nawaangalia mbuzi wa katekista kwa namna mbaya.

Nampenda. Sijui niliandike vipi jambo hili ulielewe. Nampenda, na nakuogopa.

Muhwezi


Songambele
16 Juni 2024

Muhwezi,

Nimeisoma. Sikuwasomea wazee. Niliwaambia imelowa.

Ng'ombe wa ndoa hawatoki. Mwanamke wa samaki hawezi kuingia boma hili akashika ekyanzi, hata akiwa mzuri kama malaika, hata apande mabati yote ya Kagera. Baba yako angekuwa hai angelia.

Lakini Bihogo ni mtoto wangu na yuko juu ya jiwe. Nakuja mwenyewe kumchukua. Nakuja na ndizi zangu, samli yangu na mtindi wangu, na sufuria yangu, kwa hiyo usimwambie mtu anipikie chochote.

Kokubanza


Rukindo
25 Agosti 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na miguu imekauka. Watu wote wa Rukindo wanakusalimu, na Bihogo, uliyekuja kumchukua ukaishia kumwachia Adelgunda, naye mzima. Mzee Jovitus anauliza kama unaweza kuhamia kisiwa chake, ana nafasi ya makamu mwenyekiti.

Picha za uzinduzi wa josho zimetoka. Kwenye ile kubwa mgeni rasmi anakata utepe na wewe umesimama pembeni, maelezo chini yanasema mfugaji kiongozi wa visiwa. Kwa bahati nzuri hawakupiga picha Bihogo alipogoma kuingia, ikabidi mgeni rasmi, mimi na katekista tumsukume, na aliyetumbukia ni katekista. Upele wake umepona, na kwenye ripoti tumemweka kama mafanikio.

Umeniomba nisiongelee zile siku ambazo boti haikuja. Siongelei. Upepo ulikuwa wa Mungu, hakuna aliyeuleta. Ndizi zako ziliisha siku ya pili, mtindi nao. Uji uliukataa kwa kuwa ulipikwa kwenye sufuria ya jirani. Mimi sikuona kitu. Ninachojua ni kwamba sufuria ya Adelgunda ilikuwa na sato mzima wa mchuzi wa nyanya, tulitoka wote kwenda ibadani ukabaki wewe peke yako na kichwa kinakuuma, na tuliporudi sufuria ilikuwa tupu na imeoshwa. Adelgunda akasema ni paka. Mimi nikakubali ni paka. Paka wa kisiwa hiki, shangazi, alikufa Pasaka.

Nilikuona pia siku ya kuondoka ulivyomshika Adelgunda mkono pale ufukweni. Mpaka leo hajaniambia mlielewana nini. Nilitaka kulia lakini watu walikuwepo.

Sasa limetokea jingine. Nilikwenda kwa Mzee Kahigi kumwandaa, nikamwambia kwetu binti anaposwa kwa ng'ombe, na kwamba nikibahatika utawatoa. Alicheka mpaka akakaa chini. Anasema ng'ombe akimgeuzia huku kichwa kiko majini, akimgeuzia kule mkia uko majini. Yule mmoja uliyemleta ameshaigeuza shule kuwa malisho. Hataki ng'ombe. Anataka injini ya mtumbwi, mpya, na mwenye kuileta aisifu mbele za watu kama tunavyosifia ng'ombe wetu tunapoposa, kwa sababu nilimsimulia mila hiyo na ameipenda.

Najua ukisoma hapa utaitupa barua. Ikiwa utaitupa, iokote kwanza usome mstari huu: sina njia nyingine, na sitaki kuoa kama mwizi.

Muhwezi


Songambele
29 Septemba 2024

Mwanangu Muhwezi,

Asifiwe Bwana. Mvua za vuli zimeanza mapema. Goti la mama yako limepona kabisa, jana alikwenda Kayanga mnadani akarudi kwa miguu kutoka njia panda. Ainembabazi wa Tumwine ameolewa na kijana wa duka la pembejeo hapo Kayanga, tangu mwezi wa sita. Tumwine alikuwa hajui. Nami nilikuwa nimesahau kukuambia.

Yale ya paka sijui unaongelea nini. Nilikuwa na kichwa.

Barua yako sikuitupa. Nilikaa nayo wiki nzima. Kuuza ng'ombe wa kaka yangu, niliowalinda na fisi, na ndigana, na majirani, ili ninunue chuma cha kulia majini! Nilikwenda zizini, nikawaangalia. Nikamwona akilini yule msichana na mtumbwi wake wa majani, jinsi Bihogo alivyokuwa anamwita. Ng'ombe hadanganyiki, mwanangu, hata kama afisa wake anadanganya. Nikaamua.

Lakini neno langu lilikuwa halitoshi, ilibidi kikao cha ukoo. Jumapili baada ya ibada wakaja wote wakaketi, ekyanzi kikazunguka. Nikawaeleza kwamba Muhwezi amepata mchumba wa ziwani, na mahari ni injini. La injini lilipita kirahisi kuliko nilivyodhani, Twesigye aliuliza tu kama inatumia petroli au dizeli. Walipokwama ni kwenye samaki. Twesigye akasimama akasema mambo ya mababu, akasema ng'ombe watakauka, akasema mwanamke aliyekula samaki akishika chombo cha maziwa katika boma hili itakuwa mwisho wetu. Wazee wakaitikia. Wengine wakapiga fimbo chini. Nikajibu kwamba binti ni mchapakazi, ana heshima, atajifunza, na mtu anaweza kuacha. Hawakutaka kusikia. Nikaona jambo lako linakufa mbele ya macho yangu na moyo ukaniuma kweli.

Ndipo mama yako akafungua mdomo. Edvina! Tangu aolewe hapa sijamsikia akisema kikaoni. Akaniuliza, kwa upole tu, "Wifi, mbona tangu urudi kisiwani hushiki ekyanzi? Mbona unakunywa chai ya rangi?"

Watu wote wakanigeukia. Kweli, nilikuwa sijagusa. Sikuweza. Nimeishika sheria hiyo maisha yangu yote, ningewezaje kuivunja halafu nikashika chombo kana kwamba si mimi? Niliwaambia daktari amenikataza maziwa. Lakini pale mbele ya wote, na mama yako ananitazama hivyo, ulimi ulikataa kudanganya. Nikasema, "Alikuwa sato."

Nilisubiri radi.

Twesigye akakohoa. Akauliza, bila kuniangalia, "Wa kukaanga au wa mchuzi?"

Nikamjibu wa mchuzi. Akaguna kwamba afadhali, maana wa kukaanga pale stendi Kayanga wanamtia mafuta mengi mno. Mzee aliyeketi kushoto kwake akasema hapana, inategemea unakwenda kwa mama gani, yule wa mlango wa bluu ana mkono mzuri. Wa tatu akasema wa mlango wa bluu amehama. Mwanangu, nikawatazama wazee wangu wa ukoo mmoja baada ya mwingine, wenye fimbo zao na makoti yao, na wote wanamjua mama wa mlango wa bluu! Nikamgeukia mama yako. Yeye alikuwa anafuta ekyanzi kwa upande wa khanga yake. Akasema goti lake limepona kwa supu ya sangara, akaninyooshea maziwa ninywe.

Nikayanywa, nikayamaliza. Ng'ombe wa ndoa wanatoka zizini Jumatano. Kumbe muda wote huo sisi wenyewe tunakula samaki stendi, halafu mtoto wa kaka yangu tungemnyima mke!

Mwambie Mzee Kahigi injini inakuja, na nitaisifia mwenyewe kwa sauti yangu, ingawa sijui pembe zake ziko wapi. Twesigye na wazee wote wanataka kuja kwenye harusi. Kila mmoja amenifuata kwa siri, peke yake, kuniuliza tutakaa huko siku ngapi.

Shangazi yako,
Kokubanza